Mihadhara ya bure ipo, tatizo ni tunapoitafutia

Kwa Mhariri,

Wanafunzi wa siasa na sosholojia huambiwa kila siku "tafuta mtandaoni", na ushauri unaishia hapo. Mtu ananunua bando la saa moja, anaandika "demokrasia" kwenye YouTube, na saa nzima inaliwa na klipu za wanasiasa wakirushiana maneno. Mihadhara yenyewe ipo, mizima na ya bure, lakini inakaa kwa walioirekodi. Huko ndiko kwa kuanzia.

Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilianza kuweka kozi zake wazi mwaka 2007. Usizitafute kwa mada. Andika jina la chuo na nambari ya kozi. PLSC 114 ni falsafa ya siasa, mihadhara 24 ya Steven Smith. PLSC 118 ya Ian Shapiro ina 25, na swali lake kuu ni lini serikali inastahili kutiiwa na lini haistahili, swali ambalo Nairobi halihitaji kufafanuliwa. Anayesoma sosholojia aende SOCY 151 ya Iván Szelényi, apate Marx, Weber na Durkheim, waasisi wa somo hilo, kwa mpangilio. Kila mhadhara una video, sauti na maandishi yake neno kwa neno. Ni rekodi za kati ya 2006 na 2010, kwa hiyo mifano ya siasa za Marekani imechakaa. Plato hajachakaa.

MIT, chuo kingine cha Marekani, nayo huweka siasa chini ya nambari 17, ila kuna mtego: kozi nyingi zina orodha ya vitabu na maswali ya mtihani tu, hazina mhadhara hata mmoja. Chuja kwanza zile zenye video, la sivyo utazunguka bure.

Kwa mihadhara ya umma, LSE, chuo cha uchumi na siasa cha London, hutoa sauti za mijadala yake kama podikasti. Dakika za mwanzo ni za kumtambulisha mgeni, ziruke. Sehemu ya maswali mwishoni usiiruke, kwa kuwa ndipo msemaji anapobanwa. Anayependa mahojiano kuliko mihadhara atafute yale ya Harry Kreisler wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaliyoanza 1982, ambapo msomi mmoja huhojiwa kwa takriban saa nzima kuhusu maisha na fikra zake. Kisha kuna mihadhara ya Reith, ya redio ya BBC ya Uingereza, iliyoanza 1948. Mwaka 1979 aliyeitoa alikuwa mwana wa Mombasa, msomi wa siasa Ali Mazrui, mihadhara sita kuhusu hali ya Afrika, na maandishi yake yanapakuliwa bure kwenye tovuti ya BBC. Ni ajabu kumkuta mwanafunzi wa siasa Nairobi anayemjua Mazrui kwa jina tu.

Sasa bando. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Ya kilobiti 128 hula karibu MB 58. Hesabu ni rahisi: zidisha kilobiti kwa 3,600, gawanya kwa 8, kisha kwa 1,000. Video ya saa hiyo hiyo hula mara kadhaa zaidi, na katika mhadhara wa falsafa unachoongezewa ni kumwona mzee akitembea mbele ya ubao. Maandishi ndiyo mepesi kuliko vyote. Kwa hiyo pakua maandishi kwanza, yasome, kisha sikiliza sauti ya mhadhara uliokuvutia. Pakua, usicheze moja kwa moja, kwa sababu kila ukirudia kusikiliza mtandaoni unalipa upya. Kwenye apu ya podikasti, ruhusu upakuaji kwa Wi-Fi peke yake. Apu nyingine hujipakulia vipindi vipya usiku na asubuhi bando halipo. Ukilazimika kutumia YouTube, shusha ubora hadi 144p, zima uchezaji wa kujiendesha, na uchuje video zinazozidi dakika 20. Kichujio hicho kimoja kinaondoa klipu karibu zote.

Ogopa video zilizopakiwa upya na watu wengine. Hukatwa katikati, hupewa kichwa cha kutia chumvi, na anayepinga hoja huonekana kana kwamba anaiunga mkono, kwa kuwa sentensi ya "lakini" imeachwa nje. Manukuu yanayoandikwa na kompyuta nayo huvuruga majina, ya Kiafrika hasa, hivyo usinukuu kabla ya kusikiliza mwenyewe. Kwenye daftari andika hivi: Shapiro, PLSC 118, mhadhara wa 3, dakika ya 14. Bila dakika, hutaipata tena sentensi hiyo wiki ya mtihani. Na tovuti ikianza kudai nambari ya kadi au malipo ya cheti, jua umeshatoka kwenye njia ya bure.

Hazina ya nyumbani tunaipuuza. Katiba ya Kenya, kifungu cha 118, inalitaka Bunge lifanye kazi yake hadharani. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, iko kwenye tovuti yake, na mbunge aliyezungumza Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Kesi ya BBI, mpango wa kubadilisha katiba, katika Mahakama ya Juu ilipeperushwa moja kwa moja Januari 2022. Sikiliza mawakili wakibishana kuhusu muundo msingi wa katiba, yaani kama kuna sehemu zake zisizoweza kubadilishwa kwa marekebisho ya kawaida, halafu soma uamuzi wa Machi 31 kwenye Kenya Law, tovuti ya sheria na hukumu za mahakama. Sidhani kuna darasa la sheria ya katiba la bure linaloshinda hilo.

Vyuo vyetu navyo vinarekodi, lakini vinarekodi vibaya. Video ya saa tatu inapakiwa na kichwa "Mhadhara wa Umma", bila jina la msemaji wala tarehe, na nusu saa ya mwanzo ni itifaki na kupimwa kwa maikrofoni. Kukata itifaki hiyo, kuweka jina, mada na mwaka, na kutoa faili ya sauti pembeni ni kazi ya alasiri moja.

Kwako Mhariri, ombi ni kona ndogo kwenye ukurasa wa elimu, mhadhara mmoja kwa wiki: msemaji, chuo, mwaka, urefu kwa dakika, uzito wa sauti kwa MB, na maneno matano magumu yakiwa na Kiswahili chake. Mazrui wa 1979 angetosha kwa wiki sita za kwanza.

Mkutubi,
Nairobi