Barua kwa Rukia kabla ya khitma

Shoga yangu Rukia,

Salamu kwako, kwa mama na kwa wote hapo nyumbani. Najua arobaini ya baba imekaribia, kwa hiyo nakuandikia kabla nyumba haijajaa watu.

Uliniuliza hao Wasabai wa kwenye Qur'ani ni kina nani. Wafasiri wametofautiana, lakini wapo watu wanaojiita hivyo mpaka leo. Ni Wamandayo wa kusini mwa Iraki na Khuzestan ya Iran, kando ya mito ya Tigris, Furati na Karun. Yahya, ambaye Wakristo humwita Yohana Mbatizaji, ndiye nabii wao mkubwa. Tangu vita vya 2003 wengi wamehamia Sweden na Australia.

Kwao mtu huoshwa angali hai. Wakiona anaelekea kukata roho, huteka maji ya mtoni, wakamwosha, wakamvika mavazi meupe ya ibada na taji dogo la mhadasi. Akifia ajalini bila vazi lile, hufanyiwa ibada maalumu, na mtu mwingine husimama badala yake. Kaburini huelekezwa kaskazini, kwenye Ulimwengu wa Nuru. Kaburi hupigwa muhuri wa chuma wenye simba, nge na nyuki, nyoka akiwazunguka. Roho hukaa karibu siku tatu, kisha huanza safari. Mpaka ifike ni siku 45. Njiani kuna vituo vyenye walinzi, na kila mlinzi huitaka itaje jina lake na alama yake. Iliyochafuka hubaki humo mpaka itakate.

Mwisho ni mizani ya Abathur, mpimaji wa roho. Roho hupimwa na roho ya Shitil, mwana wa Adamu. Wanasimulia kwamba Adamu alipoitwa afe alikataa, akasema achukuliwe mwanawe, angali kijana. Shitil akakubali kwenda kabla ya baba yake, na ndiyo maana hakuna roho safi kuliko yake. Rukia, kisa hiki sijaweza kukisoma mara moja nikakiacha.

Wao hukatazana kumlilia maiti. Machozi, wanasema, huwa mto unaomzuia njiani, na nywele zilizong'olewa kwa uchungu humfunga miguu. Wewe ulilia, na wala hukukosea: Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Ninachokipenda kwao ni kwamba mfiwa hupewa kazi. Makuhani husoma masiqta, yaani ibada ya kuipandisha roho, na ndugu hula chakula wakimtaja marehemu kwa jina, wakiamini kinamfikia huko aliko. Naona hiyo ni huruma kubwa, kwa aliyekwenda na kwa aliyebaki.

Basi siku ya khitma upike na pweza wa nazi, baba alivyompenda, uwalishe majirani. Nimemtumia mama hela kidogo ya mchele. Mwambie asinirudishie.

Wako,
Mwanahawa