Mwanangu, kuhusu ile picha ya Sanamu ya Askari

Dodoma

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatuzungusha. Picha yako ya Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, nimeipata. Ukipita tena, soma maandishi yake. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927, kukumbuka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ya 1914 hadi 1918. Wanakumbukwa askari Waafrika, wanakumbukwa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha wanaume wengine wote waliokufa. Mwanamke hayumo. Basi nauliza, hao askari walipikiwa na nani miaka yote minne?

Hata upande wa Wajerumani, msafara wa kamanda wao von Lettow-Vorbeck haukuwa wa wanaume peke yao. Wake wa askari walitembea nao, mtoto mgongoni, masufuria kichwani. Wakifika kambini mume anapumzika, mke ndiyo kwanza anaanza: kuni, maji, kutwanga mtama, kusonga ugali, na alfajiri kufunga mizigo upya. Walivuka Ruvuma Novemba 1917 wakaingia Msumbiji, na vita vikaisha kwao Novemba 1918 huko Abercorn, Zambia ya leo. Wapo waliojifungua njiani. Wala usidhani wote walifuata waume kwa mapenzi. Wengine walikamatwa tu vijijini wakafanywa wake.

Wa kwetu Ugogo hawakwenda popote. Vita vikawafuata jikoni. Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916, nao wakataka nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Mume kachukuliwa, kihenge kitupu, na anayelima ni mama peke yake na watoto wanalia. Halafu mvua ikakata. Ndiyo njaa ile ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 ikaburuza hadi 1920. Inakadiriwa Wagogo 30,000 walikufa. Sizisemi hizo risasi. Hawa waliuawa na vihenge vilivyokombwa.

Wapo waliowaweka watoto rehani kwa wenye chakula, mtoto ale huko na waliobaki wapate mtama kidogo. Vitabu hulipita jambo hilo kwa sentensi moja. Mimi nililisoma nikafunga kitabu. Una watoto watatu, mama yangu, utamshika yupi mkono umpeleke? Na jioni uwaambie nini wenzake?

Bibi yako amelelewa na watu waliopona Mtunya. Masikio yamepungua, lakini kumbukumbu bado anayo. Ukija Krismasi, mkalishe uani asubuhi kabla jua halijawa kali, umrekodi kwa simu. Usimwulize habari za vita, atakujibu waulize wanaume. Mwulize mama yake alisema walikula majani gani, waliyachuma wapi, na nani alikuwa akiyajua. Hapo hutamnyamazisha mpaka mchana. Na umletee kahawa, ya hapa anasema imechanganywa.

Mama yako