Kura Moja Dhidi ya 420

Oakland, California
Oktoba 2025

Mpendwa shoga yangu Mwanaidi,

Habari za siku nyingi? Mama anaendeleaje na miguu yake? Huku sote wazima, alhamdulillahi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nimesimama jikoni maharage yanachemka. Umesema Wamarekani wote ni wale wale, wa punda (Democratic) na wa tembo (Republican), wakiamka vibaya wanarusha mabomu. Sikutaka kukujibu kwa simu maana jambo lenyewe linaniuma, ningekukatiza kila neno. Nimeona bora nikae nikuandikie.

Kwanza nikupe haki yako. Unaikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, tuko kidato cha pili, madirisha ya darasa yakatikisika tukadhani lori limepasuka tairi? Kumbe ni ubalozi wa Marekani umelipuliwa na al-Qaeda. Watu 11 walikufa Dar, na Nairobi asubuhi hiyohiyo zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao tu. Siku 13 baadaye Marekani ikalipiza kwa makombora, Afghanistan na Khartoum, na kule Khartoum kilichopigwa kilikuwa kiwanda cha dawa, Al-Shifa. Walidai kinahusika na silaha za kemikali, lakini ushahidi wa kutosha haukuonekana hadi leo. Wewe ndiye uliyeuliza, tumekaa barazani kwenu, "Sasa waliokufa Nairobi wamefaidika nini?" Rais alikuwa Bill Clinton, wa Democratic, chama hikihiki ninachokipigia kura mimi. Na silaha zilizokwenda Israeli huku Gaza inateketea zilitoka kwa Biden, niliyempigia kura pia. Hilo nalibeba, sina pa kulitua.

Lakini wote wale wale? Hapana, shoga.

Nilipohamia Oakland, mbunge wa hapa alikuwa Barbara Lee. Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya minara ya New York kuanguka, Bunge liliwekewa mezani azimio la kumruhusu Rais Bush kutumia nguvu dhidi ya yeyote atakayeona alihusika. Kiini chake ni maneno 60 tu ya Kiingereza. Hayataji nchi, hayataji mwisho. Seneti ilipitisha kwa kura 98, hakuna aliyekataa. Baraza la Wawakilishi: ndiyo 420, hapana moja. Hiyo moja ni ya huyu mama. Itafute video uitazame mwenyewe: sauti inamkatika, anarudia maneno aliyoyasikia kwa mchungaji kwenye ibada ya maombolezo siku hiyohiyo, kwamba tunapochukua hatua tusije tukageuka kuwa uovu uleule tunaoulaani. Tena yeye mwenyewe ni mtoto wa mwanajeshi. Alitishiwa kuuawa mpaka akawekewa walinzi. Na watu wa hapa walimrudisha bungeni mwaka uliofuata, wakaendelea kumrudisha kila uchaguzi, hadi mwenyewe alipokiacha kiti kutafuta useneta mwaka 2024. Huo hakuupata. Sasa ni meya wetu.

Maneno yale 60 yalitumiwa na marais wanne, wa vyama vyote viwili, hadi Somalia, dhidi ya Al-Shabaab ambao Septemba 2001 hata hawajazaliwa kama kundi. Alichokikataa yule mama ndicho kilichotokea.

Njoo na mwaka uliofuata, kura ya vita vya Iraq. Katika Baraza la Wawakilishi 133 walisema hapana. Kati yao 126 ni wa Democratic, Republican ni sita, na mmoja hakuwa na chama. Kwenye Seneti chama changu kilinitia aibu, 29 kati ya maseneta wake 50 waliunga mkono vita, Biden na Hillary Clinton wakiwamo. Sikufichi. Ila 126 na sita haziwezi kuwa sawa, Mwanaidi, na majina yote yameandikwa, kila mtu na kura yake.

Hapo ndipo roho yangu ilipo. Siku nilipokula kiapo cha uraia, miongoni mwa maneno niliyoyatamka ni kwamba nitabeba silaha kwa ajili ya nchi hii sheria ikinitaka. Niliinua mkono, koo limenikauka, nikamkumbuka Baba alivyokuwa akizima redio habari za vita zikianza. Haya, sheria ikinitaka. Basi sheria hiyo ipigiwe kura! Katiba yao imelipa Bunge kazi ya kutangaza vita, na mara ya mwisho Bunge kutangaza rasmi ni 1942. Juni mwaka huu mabomu yameangushwa Iran na hakuna mbunge aliyeulizwa kwanza. Anayetaka kupeleka watoto wa watu kuua na kufa asimame aseme ndiyo kwa jina lake, tujue wa kumtoa.

Na kuna la pili. Huyohuyo Barbara Lee alikuwa miongoni mwa walioandika sheria ya PEPFAR, mpango wa Marekani wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, Bush akaitia saini mwaka 2003. Hapo Bush nampa sifa yake kamili. Unajua nani kwenu amelea watoto wake kwa dawa zile. Sasa Januari hii, siku ileile ya kuapishwa, Trump alisimamisha misaada ya nje, na Julai shirika lao la misaada, USAID, likafungwa, wakati misaada hiyo yote ni kama asilimia moja tu ya bajeti yao. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba yule dada wa CTC, kliniki ya wenye virusi, aliyekuwa akiwapigia wagonjwa simu kuwakumbusha tarehe amesimamishwa kazi. Kama vyama vyote ni kimoja, mbona simu yake imenyamaza mwaka huu na si mwaka juzi?

Bahasha ya kura iko mezani hapa, nimeiegemeza kwenye chupa ya achari. Huku karatasi hukujia nyumbani. Unajaza kiduara kwa wino, unatia saini juu ya bahasha, nao wanalinganisha na saini yako iliyo kwenye daftari. Kura yangu ya urais hapa haina uzito, California ni ya Democratic tangu 1992. Safari hii swali ni Pendekezo la 50, kura ya maoni ya California. Agosti, Texas walichora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi ili Republican wajipatie viti vitano zaidi vya Baraza la Wawakilishi, kwa matakwa ya Trump, na gavana wetu Newsom anataka sisi tuchore yetu tuvirudishe. Silipendi hata kidogo. Mipaka yetu huchorwa na tume ya wananchi, wapiga kura wenyewe ndio walioianzisha, na nimejisifu kwa tume hiyo mbele ya watu. Nimeiacha bahasha siku nne naipita tu.

Lakini Novemba 2026 viti vyote 435 vinagombewa, na Bunge la sasa rais hufanya atakalo nalo limekaa. Ramani mpya ni za muda, baada ya uchaguzi wa 2030 kazi inarudi kwa tume. Jana usiku nikajaza kiduara cha Ndiyo. Mkono ulikuwa mzito, nikakaa muda mrefu na kalamu.

Kesho nikimpeleka mtoto shule nitaitumbukiza sandukuni njiani. Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kuchua nimeinunua, nitampa mtu anayekuja Desemba. Nawe niandikie kama yule dada wa CTC amerudishwa kazini, na kama hajarudishwa, nani sasa anawapigia simu.

Wako akupendaye,
Zuhura