Ile "okei" niliyokujibu

Dada, shikamoo.

Ujumbe wako wa kuniomba nilipe ada ya shule niliupata siku ile ile, nikajibu "okei". Sasa nasikia huko nyumbani imekuwa kesi: niliahidi, nimegeuka. Sikuahidi, Dada, na limeniuma. Kwa wenye Kiingereza chao neno hilo huweza kuwa "nakubali", huweza kuwa "nimesikia" tu, na mtu akitaka kufungua au kufunga mazungumzo hulitanguliza bila kukubali chochote. Ukimuuliza mtu mtihani ulikuwaje akajibu ulikuwa okei, usimpongeze: haukuwa mbaya, wala haukuwa mzuri. Sauti ndiyo huamua, na ujumbe wa simu hauna sauti.

Halafu mwambie Baba Mdogo ile habari yake kwamba okei ilitokana na wanajeshi kuandika sifuri na K ya "killed" (waliouawa), eti hakuna aliyeuawa, si kweli. Vita anavyovitaja, vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, vilianza 1861. Neno lilikwishachapishwa tarehe 23 Machi 1839, kwenye gazeti la Boston Morning Post. Miaka ile waandishi wa Boston walipenda mchezo wa kufupisha maneno, tena baada ya kuyakosea tahajia makusudi. "All correct", yaani yote sahihi, wakaligeuza "oll korrect", wakabakiza o.k. Ndugu yake o.w., wa "oll wright", alikufa. Hili liliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, New York, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi zile zile! Yeye alishindwa na William Henry Harrison, neno likabaki. Aliyefukua magazeti hayo ni Profesa Allen Walker Read, akachapisha ushahidi 1963 na 1964. Siku hizi wenyeji wakibishana juu ya lugha yao wenyewe, huniuliza mimi.

Ila neno hili wamelibebesha maana nyingi mno. Sisi tuna sawa, haya, ehee, naam, vema, kila moja na mahali pake. Nimeikumbuka "haya" ya Mama, ile ya kuvuta, ambayo nyumba nzima hujua amekasirika.

Nusu ya ada nitatuma mwisho wa mwezi, hilo nimelikubali. Nusu ya pili bado sijaipata, muwaombe shuleni wasubiri.

Mdogo wako.