Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano wa Mwaka: Pesa za Simu na Mashamba Yetu ya Sabaki

Wazee wetu, akina mama, vijana na wanachama wote: asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Hesabu atawasomea mweka hazina, na mambo ya pampu yamo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitashika jambo moja tu ambalo kamati imelijadili mwaka mzima: pesa zinazopita kwenye simu zetu, na kwa nini hazifiki shambani.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Leo mnunuzi akija Malindi na lori lake kuchukua tungule, hakuna tena anayehesabu noti juu ya boneti. Hatubebi pesa njiani usiku, na mtoto aliye Nairobi humtumia mamake pesa ya mbegu akiwa ndani ya matatu. Wachumi Tavneet Suri na William Jack waliandika mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa katika umaskini takriban nyumba 194,000 nchini, asilimia 2 ya nyumba zote. Wengi huishia hapo wakapiga makofi. Lakini waandishi hao hao walisema kwamba wanawake kama 185,000 walihamia kwenye biashara, wengi wao wakitoka kwenye kilimo. Ni heri kwao. Ila msitarajie gunia la mahindi liongezeke kwa sababu tu mtu ana simu mfukoni.

Shida yetu ni majira. Mahindi ya PH4, mbegu yetu ya pwani, hukaa shambani miezi mitatu hadi minne. M-Shwari, huduma ya akiba na mkopo kwa simu, ilipoanza Novemba 2012, mkopo wake ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Hustler Fund, mikopo ya serikali kwa simu, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, ilikuja na riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi ulitakiwa urudishwe ndani ya siku 14. Siku 14 mahindi hata palizi ya kwanza hayajaona! Mikopo hiyo inamfaa anayenunua samaki asubuhi akamaliza kuuza jioni.

Mwanachama wetu mmoja aliuza tungule nikiwa papo hapo. Kreti zikapakiwa, mnunuzi akabonyeza simu, ujumbe ukaingia. Mama hajamaliza kusema alhamdulillahi, ukaingia wa pili: deni alilokopeshwa salio lilipopungua limekatwa, pamoja na ada zake. Alikuwa amelichukua kwa ajili ya petroli ya pampu na karo. Vibarua aliwalipa. Pesa ya mbolea haikubaki.

Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilifuatilia jambo hili Busia, magharibi mwa Kenya, na wakachapisha matokeo mwaka 2011. Mkulima alipofuatwa mara tu baada ya mavuno, akanunua vocha ya mbolea pesa ingali mkononi, na akapelekewa mbolea yenyewe bure, matumizi ya mbolea yalipanda. Usafiri huo huo wa bure ulipotolewa msimu wa kupanda, walioitikia walikuwa wachache.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Kuanzia mavuno yajayo, kila atakayeuza atenge fungu siku hiyo hiyo kwenye akiba ya simu iliyofungwa, ifunguke Machi kabla ya masika. Hapo chama kinunue mbegu kwa jumla. Kuna aliyenung'unika kwamba huu ni upatu tu. Naam, ni upatu, ila hakuna anayeweza kumgongea mweka hazina mlango saa tatu usiku akitaka pesa zake.

Mbolea ya ruzuku ilishushwa mwaka 2023 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50, na vocha humjia mkulima aliyesajiliwa kwa ujumbe wa simu. Kila mtu akiufuata mfuko wake kwa bodaboda, nauli inameza nafuu yote. Tukodi pikapu moja.

Kuhusu bima, hatukuharakisha. Kilimo Salama, iliyoanza 2009, ilifuata vipimo vya mvua na kuwalipa wakulima kwa M-Pesa bila mkaguzi kukanyaga shamba. Ulikuwa mpango mzuri, lakini maji ya mto wetu wa Sabaki hutoka bara. Mto unaweza kufurika hapa, kama mlivyoona mwisho wa 2023, hali kipimo cha mvua cha hapa kwetu hakisemi kitu. Na viboko hawamo kwenye bima yoyote niliyoonyeshwa.

La mwisho, tafadhali. Ambao laini zao zimesajiliwa kwa jina la mtoto au la jirani, wazisajili upya kwa vitambulisho vyao kabla ya orodha ya ruzuku kufungwa. Vocha hufuata jina. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita mimi. Katibu yuko mezani na daftari, na hoja ya akiba itapigiwa kura baada ya chai.

Mwenyekiti