Kaka alimwambia mume wangu abaki na wanawake

Shangazi, shikamoo.

Saa tisa usiku hii, usingizi umegoma. Mume wangu kageukia ukutani lakini najua yuko macho. Leo siku ya 17 tangu tumzike baba.

Jeneza lilipotolewa mlangoni, mume wangu alisogea apokee kama wanaume wenzake. Kaka yangu mkubwa akamshika bega, akamvuta nyuma, akasema kwa sauti, "Wanawake wanabaki nyumbani." Watu wakacheka. Msibani, Shangazi! Nilikuwa dirishani na wenzangu, nimesikia kwa masikio yangu.

Yote hayo kisa dera. Hizo klipu zake za kuchekesha umeshaziona bila shaka, anamoigiza mama mwenye nyumba anayedai kodi. Dera ni langu, la kijani, pindo nimelifumua mwenyewe ili limfike miguuni. Wigi nimenunua mimi. Na mchele uliopikwa msibani, magunia mawili, umelipwa na dera hilo hilo, kaka anajua fika.

Asiniambie mtu kwamba ni mambo mapya. Mchekeshaji Joti kaigiza wanawake miaka yote kwenye kipindi cha Orijino Komedi, na kaka huyo huyo ndiye aliyekuwa akituita sebuleni tusipitwe. Mume wangu kasomea sanaa Bagamoyo, kanieleza kuwa Uingereza enzi za Shakespeare wanawake hawakupanda jukwaani, wavulana ndio waliocheza wake na mabinti. Na tamthilia ya huyo Shakespeare, Mabepari wa Venisi, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, si mwanamke ndiye anayevaa kiume akasimama mahakamani kama mwanasheria? Bibi yangu mzaa mama, wa Mombasa, alicheza lelemama, ngoma ya wanawake, amevaa kanzu na kofia, bakora mkononi. Picha yake imetundikwa kwa kaka! Hakuna aliyewahi kumwambia bibi aende akabebe jeneza.

Hadithi ya Mtume inayowalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake naijua tangu madrasa, usinitumie. Najiambia ile ni kazi, kamera ikizimwa anavua, anatawadha, anakwenda msikitini. Usiku kama huu hata mimi sijui kama najiamini.

Mtoto wetu wa darasa la tatu wenzake wanamwita "mwenye mama wawili". Mimi sokoni naulizwa nani kidume ndani. Nimevumilia yote hayo, lakini lile la jeneza, Shangazi, lile hapana. Baba alimpenda. Miezi yote ya ugonjwa mume wangu ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu, kaka alikuwa wapi?

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wenzangu walipocheka pale dirishani, na mimi nilicheka. Si kucheka hasa, ni aibu tu, mdomo ulijivuta wenyewe. Yeye akainua macho akaniona. Hajaniuliza mpaka leo na mimi sijui naanzia wapi.

Tangu siku ile hajaigiza. Alikunja dera akalirudisha kwenye sanduku langu. Nilisema afadhali, nitapumua. Sasa kodi yetu wenyewe imefika na mwenye nyumba wa kweli anagonga. Juzi mwenye duka la vifaa vya ujenzi kampigia, anataka tangazo kwa laki tatu, lakini lazima awe yule mama. Akanitazama tu, simu sikioni. Nikasema mimi sijui, amua mwenyewe. Kumbe nilitaka akatae. Alipokata simu bila kujibu nikamkasirikia kwa nini hakukubali.

Arobaini imebaki siku 23 na ni kwa kaka. Mama anasema tusameheane, yaliyopita yamepita. Mimi nataka kaka aombe radhi mbele ya watu wale wale. Mume wangu anasema nisiende kugombana, yeye atabaki nyumbani na mtoto. Ndiyo kusema kakubali kubaki na wanawake? Niende peke yangu, au nisiende kabisa kwenye arobaini ya baba yangu mzazi?

Jioni nimelitoa dera sandukuni nikalifua, limetoka poda shingoni. Liko kambani. Akiamka atalikuta, na atadhani namwambia arudi kazini. Au nilianue kabla hakujakucha?

Nijibu mapema, Shangazi.

Mimi binti yako,
Tanga