Kwa Nini Rangi Huja Mwisho: Magari ya Michezo ya Kabla ya Vita Hapa Mombasa

Karibu kila anayetuletea gari la michezo lililoundwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia huanza kwa kuuliza habari za rangi, nasi humweleza kwamba rangi ndiyo kazi ya mwisho, kwa kuwa gari la aina hiyo likikaa pwani huliwa kutoka ndani.

Chukua mfano wa MG TA, gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1936 hadi 1939. Chesisi yake ni ya chuma, lakini bati la bodi limepigiliwa juu ya kiunzi cha mbao za mti uitwao eshi, ambao hunepa bila kuvunjika na hustahimili mtikisiko. Hapa kwetu hewa ya chumvi hupenya kwenye maungio, unyevu hubaki kati ya bati na ubao, misumari hushika kutu, na kutu hiyo huozesha ubao unaoizunguka. Waunda majahazi wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Mwaka jana tulipokea gari la mzee mmoja wa Kizingo, lenye rangi nyekundu iliyong'aa, kazi ya gereji nyingine. Alichokilalamikia ni mlango uliofunguka wenyewe kila alipovuka tuta. Tulipobandua zulia na kuchomeka bisibisi katika nguzo inayobeba bawaba, ilizama hadi kwenye mpini, ikatoka na unga mbichi wa kahawia mfano wa machicha ya kahawa. Chini ya nguzo hiyo palikuwa pamechomelewa kipande cha bomba na kufunikwa kwa puti. Kwa kuwa bomba halinepi pamoja na mbao, mtikisiko wote ulihamia kwenye ungio la juu, likapasuka. Ilituuma kumwambia mzee wetu kwamba rangi ile aliyoilipia lazima ikwanguliwe.

Kazi ya namna hii hatuiharakishi. Kabla ya kung'oa ubao wowote tunapima nafasi za milango na kuifunga bodi kwa mihimili ya muda, maana ikilegea hupoteza umbo, na kulirudisha ni kazi kubwa kuliko ubao wenyewe. Ubao wa zamani, hata uwe umeoza, hatuutupi, kwani ndio kielelezo cha seremala wetu, ambaye mikono yake ilizoea kazi kwenye majahazi. Kwa nguzo tunashauri eshi ileile iagizwe. Mvule hudumu sana, lakini haunepi wala haustahimili mtikisiko kama eshi.

Kuhusu injini tuna ombi moja. Nyuzi za bolti za injini ya MG TA ni za milimita, desturi ambayo William Morris, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Morris iliyomiliki MG, aliirithi aliponunua kiwanda cha injini cha kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss huko Coventry mwaka 1923, ilhali vichwa vyake vimekatwa kwa kipimo cha Whitworth, mfumo wa zamani wa Kiingereza wa inchi. Tafadhali fundi wako atumie spana za Whitworth; akitumia za milimita, huteleza na kula kona za nati, na nati za aina hiyo hazipatikani madukani hapa.

Gari likiwa nyumbani, tafadhali lifunike kwa kitambaa cha pamba badala ya turubai la plastiki, ambalo hufungia unyevu ndani, na uhakikishe anayeliosha hatumii maji ya kisima, kwa sababu visima vingi vya kisiwani vina chumvi.